Jinsi ya kujua mayai ya tai mla samaki yanakaribia kuanguliwa, bila kupanda mti

Kama unakaa karibu na maji hapa Uganda, iwe Entebbe, Kazinga au Mburo, mlio wa tai mla samaki unaujua, anarusha kichwa nyuma anaita na mwenzake anaitikia. Ukiwaona wawili hao wanabeba vijiti kwenda mti mmoja mkubwa ujue kiota kipo, na mara nyingi wanakirudia kilekile mwaka hadi mwaka wanaongezea tu vijiti.

Chukua daftari kwanza. Andika siku mama alipoanza kulala kiotani haondoki, maana yai linaatamiwa siku 42 mpaka 45 hivi, kwa hiyo akianza tarehe 1 Juni, wewe kuanzia tarehe 13 Julai usiende mbali. Mayai kwa kawaida ni 2. Mama ndo mwenye mwili mkubwa na ndo anaatamia zaidi, baba anampokea zamu tu.

Sasa siku za mwisho ndo tamu. Mayai hutayaona kutoka chini na wala huna haja, mwangalie mama. Siku zote amelala chini kabisa, kichwa cheupe tu ndo kinaonekana, sasa utaona hatulii, anainuka, anachungulia katikati ya miguu yake, anageuka, analala tena ila juujuu kama amekalia kitu kinachocheza. Hapo kifaranga huenda ameanza kutoboa ganda, na usikate tamaa jioni ikifika hujaona kitu, kutoka kunaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Uhakika wenyewe ni samaki: akichuna vipande vidogo sana halafu anainamisha mdomo polepole ndani ya kiota, huyo analisha. Mimi hapo darubini hunitetemeka mkononi kila mara.

Wa pili anaweza kuchelewa siku 2 au 3, endelea kuangalia, maana mkubwa humwonea mdogo mpaka wakati mwingine anakufa.

Tafadhali kaa mbali, mita 100 au zaidi, na kama uko kwenye mtumbwi zimeni injini mapema. Mama akisimama akakukazia macho na kupiga kelele, rudi nyuma haraka, akiruka tu mayai yanabaki juani na kunguru na tumbili wako palepale wanangoja. Droni usirushe kabisa.

Kikianza kuchungulia kichwa kidogo chenye manyoya laini, fungua ukurasa mpya wa daftari, kuruka ni kama siku 70 mbele.