Mambo ya ukumbi na chakula, yaandike siku hiyohiyo
Ukishaelewana na mwenye ukumbi wa sherehe yako kwa simu, usilale kabla hujamtumia ujumbe: "Kama tulivyoongea, ukumbi ni wetu saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, viti 150, nusu ya malipo tunatanguliza." Akijibu "sawa" tu, tayari una maandishi.

Kwa mpishi, idadi ya sahani pekee haitoshi. Andika nani analeta vyombo na nani anaviosha, chakula kinaanza kupakuliwa saa ngapi, mwisho wa kubadilisha idadi ya wageni ni lini, na kitakachobaki ni cha nani (hapo ndipo ugomvi huzukia!). Risiti zipige picha. Nakala mwachie mwenzako mmoja, maana siku yenyewe hutapata hata nafasi ya kushika simu.