Kuusaka mzizi wa kitenzi cha Kiarabu

Kamusi nyingi za Kiarabu hupanga maneno kwa mizizi. Ukiitafuta yastakhrijuna (يستخرجون) kwenye herufi yaa, hutaiona. Lazima uichambue kwanza hadi zibaki herufi tatu.

Anza na viambishi vya mtenda: ondoa ya- mwanzoni na -una mwishoni. Inabaki stakhrij. Ondoa tena s na t za nyongeza. Mzizi ni kh-r-j, wenye maana ya kutoka. Ista- ni alama ya mizani ya kumi (mizani ni umbo ambalo mzizi huvishwa), istaf'ala, ambamo f-'-l husimama badala ya herufi za mzizi, na istakhraja ni kukitoa kitu ndani ya kingine. Mizani hii Waswahili tunayo mdomoni tayari: staajabu, staarabu na starehe zimetoka huko.

Herufi za nyongeza ni kumi, zilizokusanywa katika neno سألتمونيها (sa'altumuniha). Herufi isiyokuwamo humo karibu kila mara ni ya mzizi.

Jifunze mizani kwa mzizi mmoja, siyo kwa jedwali tupu. Chukua '-l-m (' hapa ni herufi ain): 'alima, alijua, 'allama, herufi ya kati ikikazwa, alifundisha, a'lama, aliarifu, ta'allama, alijifunza, ista'lama, aliulizia habari.

Wengi hukwama kwenye mizani ya nane, ifta'ala, kwa sababu t yake huingia baada ya herufi ya kwanza ya mzizi. Intadhara (انتظر), alisubiri, huonekana kama mizani ya saba yenye in-, lakini mzizi wake ni n-dh-r na nyongeza ni t. Inkasara, ilivunjika, ndiyo ya saba hasa: k-s-r. Tena t hiyo hubadilika: baada ya z huwa d, kama izdahama (z-h-m), palisongamana, na waw (w) ya mzizi humezwa nayo, ndiyo maana ittasala, aliwasiliana, hutafutwa kwenye w-s-l.

Kwa wakati uliopo, hesabu herufi za wakati uliopita, na herufi yenye shada (alama ya kukazwa) ihesabu mbili. Zikiwa nne, kiambishi ni yu-: 'allama, yu'allimu; akrama, yukrimu. Zikiwa tatu, tano au sita, ni ya-. Irabu ya kati ya mizani ya kwanza haikisiwi: kataba ni yaktubu, jalasa ni yajlisu, fataha ni yaftahu. Vitenzi hivyo vihifadhi viwiliviwili, uliopita pamoja na uliopo, tangu siku ya kwanza.