Kukisia mji utakapopanukia: QGIS kwa wapangaji wa Mjini Magharibi

Mkoa wa Mjini Magharibi, Zanzibar, ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Wamejenga Fuoni, Chukwani na kwengineko, mara nyingi kabla mpima hajafika na bikoni zake. Mwongozo huu ni wa afisa wa mipango miji au mwanafunzi anayetaka kuona nyumba zinaelekea wapi, akitumia kompyuta ya kawaida, programu ya bure ya ramani iitwayo QGIS na plagini yake (programu ndogo ya nyongeza) ya MOLUSCE, inayolinganisha ramani za miaka tofauti na kukisia ijayo.

Hatua ya 1. Pakua picha za setilaiti za Sentinel-2, nazo pia ni bure, za miaka yenye nafasi sawa: 2016, 2020 na 2024. Chagua za Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kwani masika mawingu huziba kisiwa. Msimu uwe mmoja kwa miaka yote, la sivyo shamba lililokauka litahesabiwa kuwa ardhi iliyobadilika.

Hatua ya 2. Zilete zote kwenye mfumo mmoja wa vipimo vya ramani, UTM kanda ya 37 Kusini (EPSG:32737), seli (vipande vya mraba vya picha) za mita 10 kwa 10, mipaka ileile. Zikipishana hata kidogo, MOLUSCE haiendelei.

Hatua ya 3. Gawa ardhi katika makundi: majengo, mashamba, msitu na vichaka, maji, ardhi tupu. Hapa usiwe na haraka. Mawe ya matumbawe yaliyo wazi hung'aa kama saruji, paa la makuti hufanana na majani makavu, na pagale lisiloezekwa huipotosha kompyuta. Hakiki kwa picha za droni za mradi wa ramani ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi, ambazo zinaonyesha paa moja moja.

Hatua ya 4. Andaa tabaka (ramani za kupandanisha) za vichocheo vya ujenzi: umbali hadi barabara, hadi majengo yaliyopo, hadi Darajani katikati ya mji, pamoja na mteremko.

Hatua ya 5. Ifunze modeli, yaani kikokotoo cha makisio kilichomo ndani ya MOLUSCE, kwa ramani za 2016 na 2020, kisha iikisie 2024, mwaka ambao ramani yake halisi unayo mkononi. Usiridhike na alama kubwa ya Kappa, kipimo cha jinsi makisio yanavyolingana na ramani halisi. Ardhi nyingi haibadiliki, kwa hiyo hata modeli isemayo "hakuna kitakachotokea" itapata alama nzuri. Tazama seli zilizogeuka kuwa majengo tu: ngapi imezipata, ngapi imezikosa, ngapi imezizusha. Matokeo yakiwa mabaya, rudi hatua ya 3 kabla ya kugusa mipangilio ya plagini. Yakiwa mazuri, ifunze upya kwa 2020 na 2024, ikupe 2028.

Hatua ya 6. Hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Modeli haijui kwamba mabonde ya Mwanakwerekwe hujaa maji ya masika, wala kwamba msitu wa Masingini unalinda vyanzo vya maji ya mji. Inaona ardhi iliyo karibu na barabara, basi, nayo itaijaza nyumba. Chora maeneo hayo kama tabaka la marufuku. Usitegemee data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani: seli zake ni za mita 30, na mjini rada hupima mapaa, hivyo bonde la kina cha mita moja halionekani. Mwendee sheha, umwombe akukutanishe na wazee wa mtaa, mtembee nao wakuonyeshe maji yanaposimama, na uchore palepale kwa GPS ya simu.

Hatua ya 7. Weka tabaka la marufuku juu ya makisio ya 2028. Hesabu seli mpya za majengo zilizoangukia ndani; kila seli 100 ni hekta moja. MOLUSCE haitakwambia watu ambao wangejenga humo waende wapi. Hizo ni hekta za viwanja vinavyotakiwa kupimwa mahali pengine kabla ya 2028, na nambari hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye kikao, pamoja na ramani ya kila shehia yenye majina ya misikiti na skuli ili kila mtu aione nyumba yake.