Kutengeneza springi za nyuma zilizoliwa na kutu kwenye Hiace ya kulala safarini

Hiace za muundo wa H100, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1989, bado zinaonekana kwenye barabara za Kenya na Tanzania, na baadhi yake zimeng'olewa viti zikawekewa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji kwa ajili ya watu wanaopenda kulala porini au ufukweni. Zile zilizotumika kwanza sehemu za Japani zenye theluji huweza kufika zikiwa tayari na kutu iliyotokana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kisha hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga au Unguja huendeleza uharibifu. Tena mzigo wa gari la kulala haushuki: kitanda, makabati na maji huikandamiza springi ya nyuma usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa mwezi mzima.

Kabla ya kushika spana, amua ni kipi kitasafishwa na ni kipi kitatupwa. Osha uvungu kwa maji mengi, uache ukauke, kisha gonga kwa nyundo ndogo kila mahali springi inaposhikwa na chesisi. Chuma kizima hutoa mlio mkali, ilhali kilicholiwa hutoa mlio mfu na kumwaga magamba. Choma kwa ncha ya bisibisi kuukuu, na ikizama kwenye chesisi au kwenye kishikio cha springi, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wa chesisi, wala si ya brashi na rangi. Wanaouza magari hupenda kupaka uvungu rangi nyeusi, kwa hiyo weusi unaong'aa chini ya gari la zamani ni sababu ya kugonga zaidi.

Mabamba yenyewe, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kuwa springi, yanahitaji jicho la karibu. Sehemu ya bamba inayovutwa gari linapobeba mzigo ni uso wake wa juu, ambao kwa mabamba ya chini umefichwa na bamba lililo juu yake. Humo ndimo maji na mchanga hukaa, na vishimo vya kutu huwa chanzo cha ufa. Pima unene wa bamba pale palipoliwa, ulinganishe na sehemu iliyokuwa imebanwa chini ya bolti za U (zile zinazofunga springi kwenye ekseli), ambayo kwa kawaida hubaki nzima. Bamba la milimita 7 lililobaki na 6.3 limepoteza sehemu moja tu ya kumi ya unene, lakini ugumu wake umepungua kwa zaidi ya robo, kwa sababu ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba la namna hiyo, au lenye ufa hata mdogo kama unywele, libadilishwe. Ukibadilisha springi nzima, badilisha ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, la sivyo gari litainama upande mmoja.

Egesha gari juu ya saruji au lami, weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, toa mtungi wa gesi ndani ya gari, na mwaga maji ya tangi, kwani lita 60 ni kilo 60. Inua gari, uweke stendi imara chini ya chesisi. Jeki peke yake haitoshi. Weka jeki ya pili chini ya ekseli ili uishushe taratibu hadi springi ilegee. Fungua shokapu upande wa chini, na hakikisha mpira wa breki hauning'inizi ekseli. Kama kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, tia alama mahali fimbo ilipofungwa kabla ya kuigusa.

Nati zote zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na tena asubuhi ya kazi, baada ya kusugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya, kwa maana mafuta hayapenyi tope. Bolti za U usizihurumie: zikigoma, kata nati kwa grainda, kwa sababu hurefuka zikikazwa na hazifai kurudishwa.

Ugomvi wenyewe uko kwenye pini za ncha mbili za springi. Pale ambapo bushi, yaani mpira unaozunguka pini, ina bomba la chuma ndani yake, pini na bomba hushikana kwa kutu hadi vikawa kitu kimoja, na ukizungusha kichwa cha pini utaona mpira ukijipinda na kurudi huku pini yenyewe ikibaki palepale. Ukiona hivyo, acha kuongeza bomba refu kwenye spana, maana utakata kichwa tu. Ingiza diski nyembamba ya grainda kati ya bushi na ukuta wa kishikio, kata mpira na pini kwa pamoja upande mmoja kisha wa pili, na springi itashuka yenyewe, kwa hiyo iwe na kitu cha kuipokea. Mpira huo hutoa moshi mzito na cheche huruka mbali. Vaa miwani na barakoa, na weka ndoo ya maji karibu. Mafundi wengi wangepiga moto wa gesi hapo. Njia hiyo ni ya haraka, lakini chuma cha springi kimekomazwa kwa joto maalumu, na kikigeuka chekundu hupoteza unyumbufu wake.

Springi ikiwa chini, ibane kwa klampu mbili nzito kabla ya kufungua bolti ya katikati, kwani mabamba yamefungwa yakiwa yanasukumana. Yasugue kwa brashi ya waya na msasa, na usiyaloweke katika maji ya betri: asidi huingiza haidrojeni katika chuma kigumu, nacho huvunjika kama sahani. Paka rangi ya msingi yenye zinki kingoni na upande wa nje, na katikati ya mabamba tia grisi ya grafiti badala ya rangi.

Wakati wa kurudisha, pini zikazwe kwa mkono tu kwanza. Kaza bolti mpya za U kwa kupishana pembe kwa pembe, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kisha shusha gari, rudisha maji na vyombo vyake vyote, ndipo ukaze pini kwa nguvu kamili, kwa sababu bushi iliyokazwa gari likiwa hewani hubaki imejipinda kila siku na huchanika mapema. Zikaze tena bolti za U baada ya kilomita 100.

Desturi ya kupuliza oili chafu uvunguni iachwe, kwani huozesha mpira wa bushi. Angalia pia bomba la maji machafu ya sinki linamwagia wapi, kwa kuwa mara nyingi hutoboa sakafu juu kabisa ya springi. Lirefushe hadi lipite ukingo wa gari.