Kutafuta vigawo tasa vya namba kubwa kwa kikokotoo cha kawaida

Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita hapa Mwanza, akipewa namba kama 4,294,967,297 na kuambiwa atafute vigawo vyake tasa, mara nyingi huanza kugawa kwa 3, kisha 7, kisha 11, na kuendelea hivyo hadi achoke. Njia hiyo ni sahihi lakini ni ndefu kupita kiasi, kwa sababu ni lazima ujaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba hiyo, kinachozidi 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Namba kubwa ichunguzwe kwanza imejengwaje, ndipo kugawa kuanze. Ukifanya hivyo, kikokotoo cha tarakimu 12, cha aina wanayotumia wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, kitatosha.

Maliza kwanza majaribio mepesi. Namba yetu inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 nayo haimo. Kwa 7, 11 na 13, ambazo zikizidishwa pamoja hutoa 1,001, igawe namba katika makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Kwa kuwa 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, zote zinaondoka kwa mkupuo mmoja.

Sasa tazama umbo lake: namba hii ni 2³² + 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa, hadi mwanahisabati Mswisi Euler alipoonyesha mwaka 1732 kuwa sivyo. Chukulia kwamba p ni kigawo chake tasa. Hapo 2³² ikigawanywa kwa p huacha baki ya p − 1, na 2⁶⁴ huacha baki ya 1, wala hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachoacha 1. Kwa kuwa 2 yenye kipeo p − 1 nayo daima huacha baki ya 1, ni lazima 64 igawe p − 1 bila baki. Mwaka 1878 mwanahisabati Mfaransa Lucas aliongeza kwamba hata 128 huigawa. Vigawo vyote tasa, basi, vina umbo la 128k + 1, na katika orodha ya 129, 257, 385, 513 na 641, zilizo tasa ni 257 na 641 tu.

Ili kujaribu 641, huhitaji hata kuiandika namba yote. 2⁸ ni 256. 2¹⁶ ni 65,536, ambayo ikigawanywa kwa 641 huacha baki ya 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23,716, ambayo huacha baki ya 640. Ongeza 1, na 641 imegawa bila baki. Kwa 257 hatua hizohizo huishia kwenye baki ya 2, kwa hiyo inakataliwa.

Kinachobaki baada ya kugawa kwa 641 ni 6,700,417, na hapa wengi husimama mapema mno, kwa kuwa hawajathibitisha kama nayo ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Namba tasa za umbo letu zilizosalia hadi hapo ni 641 yenyewe, 769, 1,153 na 1,409, na mabaki yake ni 44, 120, 334 na 622 kwa mfuatano huo. Hakuna inayogawa, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.

Kwa 2⁶⁴ + 1, yenye tarakimu 20, umbo huwa 256k + 1 na kigawo tasa cha kwanza ni 274,177, yaani k ni 1,071. Kithibitishe kwa njia ileile ya mabaki: kila unapozidisha baki kwa yenyewe, jibu halizidi tarakimu 11, hivyo kikokotoo kilekile bado kinaibeba hesabu hiyo.