Kabla ya kubeba besi na kinanda kwenda kupiga ukumbini

Anza na umeme. Wengi wetu huanza na chombo: tunakifuta, tunakitia kwenye begi, kisha tunafika ukumbini na kukuta soketi moja tu nyuma ya jukwaa, nayo imeshachukuliwa na friji ya soda. Beba ekstensheni yako mwenyewe, ya mita 10 hivi, yenye waya mnene na pini ya ethi (ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) inayofanya kazi. Ethi ikikosekana utasikia mngurumo kwenye spika, na mwimbaji anaweza kupigwa shoti mdomoni akigusa maikrofoni huku ameshika gitaa.

Umeme wetu ni volti 230, lakini kwenye kumbi za Dar es Salaam hasa usiku hauwi 230 kila saa. Unapokatika na jenereta kuwashwa, zinapita sekunde kadhaa, na kinanda hakisubiri. Kinazima, kikiwaka kinarudi mwanzo. Niliwahi kupiga harusi ambayo mwimbaji alitaka wimbo upande nusu toni, nikapandisha kwa kitufe cha transpozi. Umeme ukakatika, jenereta ikawaka, nikaingia kwa nguvu zote na kinanda kimesharudi sifuri. Besi iko kwake, mimi kwangu, bibi harusi yuko katikati ya ukumbi anaingia. Sitaki likupate. Nunua UPS ndogo ya kompyuta, yaani kisanduku cha betri kinachoendeleza umeme unapokatika, uchomeke kinanda peke yake, maana kinanda hula umeme kidogo. Amplifaya ya besi usiiweke humo, itaimaliza mara moja. Na mpangilio wa kila wimbo uhifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda, na nakala yake kwenye flashi.

Adapta nayo ina mambo yake. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hutumia volti 12, na ncha ya ndani ni chanya. Pedali za Boss, zile za kubadilisha sauti ya gitaa, hutumia volti 9, na ncha ya ndani ni hasi. Tundu zinafanana, kwa hiyo ukichomeka ya jirani gizani unaweza kuunguza chombo. Bandika kipande cha plasta kwenye kila adapta, uandike jina la chombo chake.

Nyaya ndizo ninazozigombania zaidi. Afadhali kinanda cha bei ya kawaida na waya mzuri kuliko kinanda cha mamilioni na jeki inayokwaruza. Siku moja kabla, chomeka kila waya, ongeza sauti kidogo, uuchezeshe karibu na jeki. Ukisikia mkwaruzo, peleka kwa fundi akaunge upya kwa risasi. Beba wa akiba mmoja kwa kila anayepiga. Waya wa spika usiutumie kwenye gitaa hata kama jeki zinafanana, kwani hauna kinga ya mlio wa pembeni. Kama mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, iko mbali, waya wa gitaa wa kupita mita 6 hivi huanza kuokota kelele. Hapo unahitaji DI boksi, inayopeleka sauti kwa waya wa maikrofoni wa pini tatu. Mpiga besi awe na yake, kwa sababu kumbi nyingi hazina amplifaya ya besi kabisa. Kisha amwombe fundi mitambo spika ya kujisikia, la sivyo atapiga kwa kubahatisha.

Pedali ya kushikilia sauti ikifanya kinyume, yaani sauti inavuta usipokanyaga, zima kinanda, ondoa mguu, uwashe tena. Vinanda vingi huisoma pedali wakati wa kuwaka.

Kuna jambo la kuelewana kabla ya kupanda jukwaani: mpiga kinanda azime besi ya ridhimu, ile inayojipiga yenyewe ndani ya kinanda, na apunguze mkono wa kushoto. Besi mbili chini ya spika moja hutoa uji, na nyimbo zote zinasikika sawa.

Mpiga besi abebe pia seti ya nyuzi, tyuna ya kupimia nyuzi na betri ya volti 9 kama besi yake ni ya betri. Karibu na bahari nyuzi hushika kutu upesi, kwa hiyo kitambaa kikavu kiwe ndani ya begi. Na betri hiyo huendelea kuliwa muda wote jeki iko kwenye besi, hata kama hakuna anayepiga. Ukishuka jukwaani chomoa jeki kabla hujaenda kula.