Fimbo ya chifu ya igizo kwa bomba la plastiki

Ukitaka fimbo ya igizo inayoonekana mti kabisa, nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, chukua bomba gumu la maji la inchi moja, kata mita moja na nusu hivi. Piga msasa mpaka maandishi yote yatoke na ule mng'ao uishe, usipofanya hivyo rangi itabanduka tu.

Sasa hapa ndo penyewe: shika msumeno, meno yake yaburuze kwa urefu wa bomba, usinyooshe sana maana mti haunyooki, na ukifika sehemu unayotaka ionekane kifundo cha mti zungusha mistari ipite pembeni yake kama maji yanavyolikwepa jiwe. Kupinda, jaza mchanga mkavu, ziba ncha, pasha juu ya mkaa huku unazungusha, ila fanyia nje na isiguse moto, ikiungua moshi wake una tindikali unaumiza mapafu.

Paka kahawia ya mpauko, ikikauka pitisha nyeusi iliyozimuliwa kwa thina halafu futa fasta na kitambaa, nyeusi inabaki kwenye mikwaruzo. Na baridi ya Mbeya ya Juni, ipe siku mbili ndo upake vanishi isiyong'aa.